"Kata Kona Digrii Thelathini": Utata wa Kitenzi na Majina ya Sehemu katika Ukataji na Ukaguzi wa Mabomba ya Chuma Yaliyopindwa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza sentensi moja fupi ya kazini, pamoja na kipande cha chuma kilichoharibika kwa sababu yake. Sentensi yenyewe ni agizo alilopewa fundi bomba katika eneo la ujenzi ambalo hatuna haja ya kulitaja: "Fundi, hiyo kona kata digrii thelathini." Fundi alijibu, "Sawa, mzee," akaenda kuifanya kazi.

Kona iliyozungumziwa ilikuwa ya chuma, ya inchi 6, iliyotoka kiwandani ikiwa imepindwa kwa digrii 90. Mchoro ulitaka bomba ligeuke kwa digrii 30 tu. Fundi alipima digrii 30 kuanzia mdomo mmoja wa kona, akaikata kwa grenda, akakitupa kipande kidogo kwenye rundo la vyuma chakavu, akachonga mdomo wa kipande kikubwa kilichobaki, chenye digrii 60, na kukipeleka kwenye mtaro kikafungwe. Mabomba hayakukutana. Msimamizi alifoka: "Nilikwambia thelathini!" Fundi naye akashikilia, "Nimekata thelathini, mzee." Kipande kilichotakiwa, cha digrii 30, kilikuwa kwenye rundo la vyuma chakavu.

Tunavyoona sisi, kwa mujibu wa sarufi ya Kiswahili wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo maana mgogoro wao hauwezi kumalizwa kwa kumlaumu mmoja wao. Aidha, hauwezi kumalizwa kwa kuongeza neno moja jipya katika orodha ya istilahi. Kazi ya kuunda istilahi imefanywa kwa bidii kubwa na asasi zetu, hasa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lililoundwa mwaka 1967 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), ambayo mwaka 2009 iliingia katika TATAKI. Hata hivyo orodha hizo aghalabu ni orodha za nomino: chombo hiki kinaitwaje, sehemu ile inaitwaje. Agizo la kukata lilivunjikia mahali pengine, yaani katika uhusiano wa kitenzi na kijalizo chake cha kipimo. Majina nayo yana nafasi yake, kama tutakavyoona, lakini yanakuja baada ya kitenzi.

Jambo hili halipaswi kuonekana dogo. Mabomba makubwa ya chuma yana historia ndefu katika ukanda huu: bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilifunguliwa mwaka 1968, bomba la gesi asilia kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji katika bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ulitangazwa Februari 2022. Michoro ya kazi kama hizo huandikwa kwa Kiingereza, lakini maneno yanayomfikia mtu aliyeshika grenda huwa, kwa sehemu kubwa, ya Kiswahili.

2.0 Kona na vipimo vyake

Msomaji wa jarida hili huenda hajawahi kushika kona ya bomba, na bila kuijua hawezi kuupima utata tunaouzungumzia. Tuanze na jina la ukubwa. Bomba linaloitwa "la inchi 6" halina inchi 6 popote. Kipenyo chake cha nje ni milimita 168.3, yaani zaidi kidogo ya inchi 6.6, na kipenyo cha ndani hutegemea unene wa ukuta. Vivyo hivyo, bomba la inchi 2 lina kipenyo cha nje cha milimita 60.3, na la inchi 4 lina milimita 114.3. Kuanzia inchi 14 na kuendelea ndipo jina na kipenyo cha nje hulingana. Kwa hiyo "inchi 6" ni jina zaidi kuliko kipimo, na anayelichukua kama kipimo anaanza kukosea kabla hajagusa futikamba.

Kona ya kawaida ya kuchomelea, ile ndefu, hutengenezwa ili mstari wa katikati ufuate tao la duara ambalo nusukipenyo chake ni mara moja na nusu ya ukubwa wa jina. Kwa kona ya inchi 6, nusukipenyo hicho ni inchi 9, yaani milimita 228.6. Hapa ndipo pana jambo ambalo mtu asiye fundi hulisahau: bomba lina unene, kwa hiyo kona moja ina matao matatu, na si moja. Upande wa nje, nusukipenyo ni 228.6 kuongeza nusu ya 168.3, yaani milimita 312.75. Upande wa ndani ni 228.6 kutoa nusu hiyo hiyo, yaani milimita 144.45. Kipande cha digrii 30 basi kina urefu wa karibu milimita 164 kwa nje, 120 kwa ubavuni, na 76 kwa ndani.

Fikiria sasa kwamba msimamizi, kwa kukwepa hesabu ya digrii, anasema, "Pima mia na ishirini, ukate." Fundi akiipima hiyo milimita 120 ubavuni atapata digrii 30. Akiipima kwa nje atapata digrii 22 tu. Akiipima kwa ndani atapata zaidi ya digrii 47. Nambari ni moja na futikamba ni moja, lakini vipande ni vitatu visivyofanana.

Kitu cha pili ni umbali kutoka mahali mistari ya katikati ya mabomba mawili inapokutana hadi mdomo wa kona. Umbali huo ndio unaomwambia fundi akate bomba lililonyooka kwa urefu gani. Hupatikana kwa kuzidisha nusukipenyo kwa tanjenti ya nusu ya digrii za kugeuka. Kwa digrii 30 ni 228.6 mara tanjenti ya digrii 15, yaani milimita 61 na ushei. Kwa digrii 60 ni milimita 132. Kipande cha 60 kikipelekwa mahali pa 30, basi, bomba linaelekea kusiko na pia mabomba yaliyonyooka yamekwisha kukatwa kwa urefu usiofaa. Makosa ya namna hii hayaji peke yake.

Ukubwa wa kosa hukua kadiri bomba linavyokwenda mbali. Kosa la digrii moja kwenye kona huonekana dogo: kwenye kona yetu ni milimita 4 tu ubavuni. Lakini ncha ya bomba la mita 12 lililofungwa kwenye kona hiyo itakuwa nje ya mahali pake kwa milimita 209. Fundi aliye na haraka atalivuta bomba hilo kwa mnyororo hadi lifike, kisha alichomelee likiwa limevutwa, na mvuto huo utabaki ndani ya kiungo kwa muda wote bomba litakapotumika.

3.0 Kitenzi -kata na kijalizo cha kipimo

Kitenzi -kata ni miongoni mwa vitenzi vyenye kazi nyingi mno katika Kiswahili: watu hukata kuni, hukata tiketi, hukata rufaa, hukata shauri, hukata tamaa. Matumizi hayo ya sitiari tunayaacha kando. Tunachokihitaji ni matumizi ya kawaida kabisa, na hasa swali hili: yambwa ya -kata ni kitu gani? Tazama mifano ifuatayo.

(1) Ameukata mti.
(2) Amekata tawi.
(3) Amekata kanzu mbili.

Katika (1) yambwa ni kile kinachopatwa na tendo. Katika (2) ni kile kinachoondolewa na kuwekwa kando. Katika (3), tukimfikiria fundi cherehani, ni kile kinachopatikana: kanzu haikuwapo kabla ya kukatwa. Mzungumzaji wa Kiswahili hapati taabu kuzitofautisha, kwa sababu anaijua miti, matawi na kanzu. Maana haimo katika kitenzi. Imo katika ujuzi wake wa dunia.

Tuongeze sasa kijalizo cha kipimo:

(4) Amekata kitambaa mita mbili.
(5) Wamemkata mshahara asilimia kumi.

Miundo hii miwili inafanana sana kwa sura: kitenzi, kitu, kipimo. Lakini mita mbili za (4) ndizo mteja anazokwenda nazo nyumbani, ilhali asilimia kumi ya (5) ndiyo asiyokwenda nayo. Kipimo cha (4) ni cha kinachochukuliwa. Kipimo cha (5) ni cha kinachopotea. Hapa pia ujuzi wa dunia ndio unaoamua. Tunajua duka la vitambaa linavyofanya kazi, na tunajua, wengine kwa uchungu, mshahara unavyofanya kazi.

Sentensi ya msimamizi ina muundo huo huo:

(6) Kata kona digrii thelathini.

Msimamizi alikuwa katika duka la vitambaa. Fundi alikuwa katika ofisi ya mishahara. Hapakuwa na kitu chochote katika muundo wa sentensi kilichoweza kuwakutanisha, na ujuzi wa dunia haukusaidia, kwani kipande cha digrii 30 na cha digrii 60 ni vitu vya kawaida sawasawa.

Kwa kweli kuna maana ya tatu, nayo hutokea pale anayeagiza ni mtu aliyezoea hisabati ya shuleni. Huyo huiangalia pembe iliyo kati ya mabomba mawili yaliyokwisha kuungwa. Bomba linalogeuka kwa digrii 30 linaacha pembe ya digrii 150 kati ya pande zake mbili. Akiandika "pembe 150" yuko sahihi kwa jiometri yake, lakini fundi mwenye kona ya digrii 90 mkononi atashangaa hizo 150 azitoe wapi. Akiandika "pembe 30" kwa maana hiyo hiyo, anaomba kitu ambacho kona ya 90 haiwezi kukitoa, kwani bomba litapaswa kugeuka kwa digrii 150.

Swali linalojitokeza ni kwa nini utata huu haujulikani zaidi. Mafundi wamekuwa wakikata na kuunga mabomba kwa miaka mingi wakitumia -kata, kona na pembe, na kazi nyingi zimekwenda vizuri. Tunadhani jibu limo katika nambari zenyewe. Kona zinazouzwa madukani ni za digrii 90 na 45. Bomba linalogeuka kwa digrii 90 linaacha pembe ya digrii 90, kwa hiyo anayesema kugeuka na anayesema pembe hutaja nambari moja bila kujua kwamba wanazungumza mambo mawili. Aidha, anayeikata kona ya 90 ili apate 45 anaondoa 45 na anabaki na 45. Duka la vitambaa na ofisi ya mishahara zinatoa hesabu moja. Bahati ya nambari imeificha kasoro ya sentensi. Siku mchoro unapotaka digrii 30, au 22, au 17, bahati hiyo inakwisha ghafla, na inakwisha mbele ya mtu ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuwa na sababu ya kuishuku lugha yake.

Ieleweke kwamba mkato wenyewe ni mmoja. Ukipima digrii 30 kutoka mdomo mmoja na kukata, unapata 30 na 60 kwa pigo moja, uwe umeielewa sentensi vyovyote. Mtu anaweza kudhani basi kwamba hasara ni ndogo: fundi arudi kwenye rundo, aokote kipande cha 30. Sivyo. Diski ya grenda hula chuma. Ikila milimita 3, milimita hizo hutoka upande wa kipande kinachotupwa, kwani fundi hulinda mstari wa kipande anachokitaka. Kwa hiyo kipande cha 30 kilichookotwa kimepungua kwa milimita 3, na si kwa usawa wa digrii: kwa nje milimita 3 ni zaidi kidogo ya nusu digrii, kwa ndani ni karibu digrii 1.2. Uso wake haukabili tena kiini cha duara. Katika tukio letu kipande kiliokotwa, kikachongwa, kikafungwa, na pengo lililobaki upande mmoja likajazwa kwa kuchomelea. Mkaguzi alilikataa. Hatukumlaumu.

Dawa ya utata wa (6) haihitaji kuundiwa neno. Kiswahili kina njia zake tayari:

(7) Kata kona, zibaki digrii 30.
(8) Toa digrii 30 kwenye kona.
(9) Kata kipande cha digrii 30 cha kufunga.

Dhamira tegemezi katika (7) inakitaja kinachobaki. Kitenzi -toa katika (8) hakiwezi kumaanisha kupata. Na katika (9) kipimo kimefungwa kwenye nomino kwa kiunganishi -a, hakielei tena baada ya kitenzi. Tunaipendelea (9), kwa sababu inataja pia kazi ya kipande. Walimu wa ufundi wangeweza kuifundisha tofauti hii kwa nusu saa. Hatujaona inafundishwa mahali popote, na tunashuku kwamba sababu ni imani kwamba lugha ya ufundi ni orodha ya majina ya vifaa.

4.0 Majina

Tukija kwenye majina, tunaanza na kitenzi kingine kwa sababu jina moja muhimu linatokana nacho. Katika mazungumzo ya kazini husemwa kwamba bomba, kama nondo, "hukunjwa". Kitenzi -kunja kina msingi wake katika nguo, mikeka na karatasi, na kinachokunjwa hubaki na alama ya mkunjo. Bomba linapopindwa likiwa baridi, alama hiyo ndiyo kasoro ambayo mkaguzi huitafuta: upande wa ndani wa pindo chuma husongamana na kufanya mawimbi. Ikiwa kazi yote inaitwa kukunja, kasoro yake itaitwaje? Tunapendekeza kazi iitwe kupinda, na mawimbi hayo yaitwe kunyanzi, neno ambalo kila mtu analijua usoni pa mzee. Kanuni ya ASME B31.4 ya mabomba ya kusafirishia mafuta hudai kwamba bomba la inchi 20 na zaidi, likipindwa baridi kazini, nusukipenyo cha pindo kisipungue mara 30 ya kipenyo chake. Kwa bomba la inchi 24 hiyo ni zaidi ya mita 18. Pindo la namna hiyo macho hayalioni kwa urahisi, lakini kunyanzi zake huonekana kwa kidole.

Kuhusu kona, kuna watakaopendelea "kiwiko" badala ya mkopo huu. Hatuna chuki na kiwiko, ingawa hata kwa kiungo cha mwili wenyewe lugha ina kiwiko, kivi na kisugudi, wala si kila Mswahili anaelekeza mahali pamoja anapovitaja. Kona imekwisha kukaa. Tatizo lake ni kwamba kazini inabeba mambo matatu: kifaa, mahali bomba linapogeukia, na kiasi cha kugeuka. Tunashauri ibaki na la kwanza tu. La tatu liitwe mgeuko, na pembe iachiwe wanahisabati pamoja na midomo iliyochongwa, ambayo nayo ina pembe yake: mdomo wa bomba la kuchomelea huchongwa kwa mteremko wa digrii 37.5, na kuacha ncha bapa ya milimita 1.6. Fundi anayesikia "pembe thelathini na saba" anahitaji kujua ni mdomo unaozungumziwa, wala si bomba kugeuka.

Yanabaki majina ya matao matatu, na hapa lugha imetajirika kuliko inavyodhaniwa. Upande wa nje wa kona ni mgongo. Hakuna mtu tuliyemwuliza aliyesita. Pande mbili za katikati ni mbavu. Upande wa ndani, pale mgeuko unapojibana, tunapendekeza uitwe kwapa. Wengine walitupa "tumbo", lakini tumbo la bomba lililolazwa ni upande wa chini, na kona si lazima ilazwe. Kwapa haliwezi kuwa kwingine ila ndani ya mgeuko. Mafundi vijana walicheka walipolisikia, kisha wakalitumia.

Kwa majina haya agizo la kupima linakuwa hivi: "Mgongo mia na sitini na nne, mbavu mia na ishirini, kwapa sabini na sita." Ni alama nne, kwani mbavu ni mbili. Zikiunganishwa kwa mkanda mwembamba wa bati au karatasi ngumu uliozungushwa kwenye bomba, mstari wa kukata unapatikana, na kila alama inaishuhudia mwenziwe. Alama tatu zikikubaliana na moja ikakataa, kuna kosa la kupima au kona yenyewe haikupindwa sawasawa.

Njia hiyo inadhani kwamba nusukipenyo kinajulikana. Kisipojulikana, kona hulazwa kwenye bati bapa, na mistari ya nyuso za midomo yake miwili huendelezwa kwa chaki hadi ikutane. Zinapokutana ndipo kilipo kiini cha duara. Kutoka hapo fundi huchora mstari wa digrii anazozitaka, kisha huupandisha kwa guni hadi kwenye mgongo na kwapa. Ni jiometri ya darasani, ila imechorwa kwa chaki sakafuni.

5.0 Ukaguzi wa kipande kilichokatwa

Kona ya kiwandani inaahidi mambo fulani midomoni mwake tu. Midomo hurekebishwa iwe duara kamili na iwe na kipenyo kinacholingana na bomba. Katikati ya kona hakuna ahadi ya namna hiyo: chuma kilichopindwa huelekea kuwa bapa kidogo, kipenyo kutoka mgongo hadi kwapa kikipungua na kile cha ubavu hadi ubavu kikiongezeka. Ukiikata kona katikati unaunda mdomo mpya mahali ambapo kiwanda hakikukusudia mdomo. Hii ndiyo sababu kipande kilichokatwa hakiwezi kukaguliwa kama kona nzima, na ndiyo sababu "kagua kona" ni agizo pungufu. Kinachokaguliwa ni mdomo mpya.

Kwanza hupimwa umbo la mdomo, mgongo hadi kwapa, kisha ubavu hadi ubavu. Kanuni ya ASME B31.3, inayohusu mabomba ya viwandani, inaruhusu bomba lililopindwa lipoteze umbo kwa tofauti ya asilimia 8 ya kipenyo cha nje pale shinikizo liko ndani, na asilimia 3 pale shinikizo liko nje. Kwa inchi 6, asilimia 8 ni zaidi ya milimita 13. Mkaguzi asiye mwangalifu husoma hapo na kuridhika. Lakini kanuni hiyo inazungumzia uwezo wa pindo kustahimili shinikizo, si uwezo wa mdomo kukutana na mdomo. Ukuta wa bomba la inchi 6 la kawaida ni milimita 7.11. Midomo miwili inayopishana kwa milimita 6 kila upande karibu haigusani kabisa.

Pili ni unene. Bomba linapopindwa mgongo hunyooshwa na kwapa husongwa. Kwa makadirio ya jiometri tu, unene wa mgongo unaobaki ni unene wa awali mara nusukipenyo cha mgeuko, kugawanya kwa nusukipenyo hicho kuongeza nusu ya kipenyo cha bomba. Mgeuko wenye nusukipenyo cha mara 5 ya kipenyo hupoteza karibu asilimia 9. Cha mara 3, karibu asilimia 14. Kona za kiwandani hutengenezwa kwa namna ya kufidia upungufu huo, kwani kiwango cha ASME B16.9 hakiruhusu ukuta upungue chini ya asilimia 87.5 ya unene wa jina. Kwa ukuta wetu hiyo ni milimita 6.22. Hata hivyo kwapa aghalabu huwa nene kuliko mgongo, na mdomo mpya utakuwa na tundu ambalo halijakaa katikati ya duara la nje. Nje patalingana vizuri, ndani patakuwa na ngazi. Macho hayaioni ngazi hiyo baada ya kuchomelea. Yapasa ipimwe kabla, na panapohitajika tundu lichongwe kwa ndani kwa mteremko wa taratibu.

Si suala la Afrika Mashariki pekee. Machi 2010, mamlaka ya shirikisho ya Marekani inayosimamia usalama wa mabomba, PHMSA, ilitoa tangazo la tahadhari kuhusu viungo vya kuchomelea vilivyofeli katika mabomba mapya ya kipenyo kikubwa, na miongoni mwa sababu ilitaja midomo isiyolingana. Sheria ya nchi hiyo ya mabomba ya gesi, kifungu 192.313, ina sharti moja ambalo linatufaa sana kwa hoja yetu: kipande kilichokatwa kwenye kona ya inchi 2 au zaidi kisitumike isipokuwa tao lake, likipimwa kwenye kwapa, lina angalau inchi 1, yaani milimita 25. Mtunga sheria hakutosheka kusema "urefu". Alitaja upande.

Matokeo ya sharti hilo hayatarajiwi na wengi. Kwa kona yetu ya inchi 6, yenye nusukipenyo cha kwapa cha milimita 144.45, kipande kidogo kabisa kinachokubalika ni cha digrii 10 na ushei. Kwa kona ya inchi 2, nusukipenyo cha kwapa ni milimita 46 tu, na kipande kidogo kabisa ni cha karibu digrii 32. Yaani lile agizo la digrii 30, linalotimizika bila shida kwa inchi 6, halitimiziki kwa inchi 2 hata likisemwa kwa ufasaha wote, na fundi mwenye neno kwapa anaweza kumwonyesha msimamizi sababu yake kwa futikamba.

Tatu, na kwa haraka, uso wa mkato: usimame sawa na mstari wa katikati, usiwe na meno ya diski, usiwe umebadilika rangi kwa moto kupita kiasi. Tupa na guni vinatosha.

Lililobaki gumu ni jina la kile kiasi cha kosa ambacho mkaguzi anakubali. "Uvumilivu" hutumiwa na baadhi ya walimu, lakini uvumilivu ni sifa ya mtu, na fundi akiambiwa kwamba uvumilivu ni milimita moja na nusu anaweza kudhani anatishwa. Katika mafunzo tuliyoyashuhudia tulitumia "kosa linaloruhusiwa", ambalo ni refu lakini halikuhitaji kuelezwa. Agizo zima lililoandikwa kwa pendekezo letu, na ambalo tumelijaribu mara chache tu, ni hili: "Kata kipande cha mgeuko wa digrii 30 cha kufunga: mgongo 164, mbavu 120, kwapa 76, kosa linaloruhusiwa milimita 1.5 kwa kila alama. Diski ile upande wa kutupa." Msimamizi mmoja alilalamika kwamba ni refu mno kulitamka katikati ya kelele za jenereta. Tulimshauri aliandike kwa chaki kwenye mgongo wa kona yenyewe, na ndivyo anavyofanya sasa, ila neno kwapa huliandika kwa herufi moja tu, K.